Sauti ya Upande wa Jikoni

"Shemeji, umevigusa."

Mke wa Kidole hakuwa hata ameweka mkoba chini. Alisimama mbele ya meza ya Fundi, macho yamemganda kwenye uso wa amplifaya ya marehemu mumewe, pale penye vitufe vya kurekebishia sauti. Vyote vilikuwa vimerudishwa mwanzo.

Kweli Fundi alikuwa amevigusa. Siku alipoileta, mama huyu alimwomba jambo moja tu: autibu ule mngurumo, abadilishe kilichoungua, ila vitufe vibaki palepale alipoviacha Kidole. Fundi akaitikia kwa moyo mmoja. Akabadilisha vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa, akafunga na waya mpya. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na mkwaruzo, akapuliza dawa ya kusafishia na kukizungusha kila kitufe huku na huku, mwanzo hadi mwisho, kama alivyofanya kwa kila mashine maisha yake yote. Mikono ilikuwa kazini, kichwa kinapiga mluzi. Alipokumbuka, dawa ilishakauka.

"Ni mikono tu, Shemeji," alisema. "Sikukusudia."

"Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwa kuvizunguka." Aliketi kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa. "Nguo zake nimegawa. Viatu nimegawa. Kitanda nimekigeuza kikatazama ukuta mwingine. Hivyo tu ndivyo ambavyo sikuvipanga mimi. Nilitaka nikiwasha siku moja, nimsikie."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Nitaipata hiyo sauti," alisema. "Nimepiga gitaa kando ya mumeo tangu hatujaota ndevu. Naijua kuliko yangu."

Akawasha. Vali hazikimbizwi, akasubiri mpaka zikaiva rangi ya chungwa, ndipo akachomeka gitaa la pale dukani. Besi akaishusha, maana ukipandisha sauti na besi imejaa, muziki unakuwa uji. Sauti ya kati akaipandisha, kwani ndiyo inayobeba maneno ya gitaa. Ile nyembamba akaisogeza juu kiasi, ipate njia kati ya tarumbeta na ngoma. Kisha akapiga ule mwanzo ambao Kidole alikuwa akiupiga kwa kutelezesha kidole kimoja tu, ndio uliompa jina.

Jamani, ilikuwa yenyewe! Fundi akauona ukumbi wao wa zamani, na suti zao za rangi moja zilizowabana makwapani, na Kidole akimgeukia kumkonyeza kama anayesema, wewe nishikie hapa, mimi natembea kidogo narudi. Hakuna aliyejua kutembea juu ya nyuzi kama yule bwana, na hakuna aliyejua kurudi kama yeye.

Alipoinua macho, mjane alikuwa akitikisa kichwa.

"Huyo ni Kidole wa ukumbini," alisema. "Anapendeza, sikatai. Lakini mimi sikuolewa na ukumbi, Shemeji. Ninyi mlikuwa huko mnapigiwa makofi, mimi nipo nyumbani nalaza watoto. Huyo ni wenu."

Fundi akajaribu tena.

"Hapa je?"

"Huyo ana mafua."

"Na hapa?"

"Huyo kaamka vibaya."

Akashusha, akapandisha, akashusha. Vitufe vya mashine ile havizalishi sauti mpya, vinapunguza au kurudisha iliyopo tu, na Fundi alishapunguza kila kilichopunguzika. Jasho likamtoka. Mwishowe mjane akainuka, akautundika mkoba begani.

"Zima, Shemeji. Imeshakwenda. Umejitahidi." Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimuuma Fundi kuliko kama angemfokea.

"Hebu ngoja kwanza. Wewe ulikuwa unakaa wapi akipiga?"

"Kukaa? Nani alikuwa na nafasi ya kukaa? Nilikuwa jikoni. Yeye chumbani kwake, mlango kaufunga, eti watoto wanasoma."

Fundi akajipiga paji la uso. Muda wote huu alikuwa amemkalisha mbele ya spika, mahali ambapo mwanamke huyu hakuwahi kukaa hata siku moja. Mlango unaila sauti nyembamba na kuiachia besi ipite. Kidole aliyekuwa akimtafuta alikuwa upande wa pili wa mlango.

"Ingia stoo," alisema, akimwonyesha kile chumba cha nyuma kilichojaa redio zilizokata tamaa. "Ufunge mlango."

"Mimi na panya wako?"

"Hao hawana neno, wanapenda muziki."

Akaingia akicheka, kicheko chake cha kwanza tangu afike. Mlango ukafungwa. Fundi akaipunguza sauti yote ikawa ya nyumbani, akaanza kupiga.

"Inavuma tu!" sauti ikatoka stoo. "Kama mtu anaongea na mdomo umejaa!"

Akaishusha besi.

"Bado!"

Akaipandisha ile nyembamba.

"Ongeza!"

Akaongeza. Huku dukani gitaa lilikuwa sasa linachoma meno. Hakuna mpigaji mwenye akili zake ambaye angeivumilia sauti ile katika chumba kilichofungwa.

"Ongeza tena kidogo. Kidogo tu."

Akaongeza, na stoo ikanyamaza.

Ndipo Fundi alipokumbuka. Miaka ile ya mwisho, kila alipokwenda kumtembelea rafiki yake, aliikuta amplifaya imewekwa hivihivi, inalia kwa ukali wa kukata masikio. Akawa anamtania: masikio yako yamezeeka, bwana, kubali tu. Kidole hakujitetea. Alicheka, akautupia jicho mlango uliofungwa, akaendelea kupiga. Kumbe masikio yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa anakubali kuumia yeye ili kule jikoni ifike tamu.

"Mjinga mimi," Fundi alinong'ona, na machozi yakamjaa bila kumwomba ruhusa.

"Hapo, Shemeji?" aliuliza.

Kalamu ya kuwekea alama kwenye vitufe ilikuwa juu ya sikio lake, lakini ili aichukue ingebidi aache kupiga, na hakuthubutu.

Kisha sauti ikaja kutoka nyuma ya mlango. Haikuwa ya yule mjane aliyeketi kwenye stuli. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, ya mtu mwenye shughuli mikononi.

"Endelea kidogo," ilisema. "Chakula bado."

Fundi alikunja uso kwa ukali wa gitaa, akatelezesha kidole mpaka mwanzo wa wimbo, akaendelea.