Saizi Mia na Ishirini

Kila Jumatano kabla ya saa sita mchana, Nagumo Teruhiko alitakiwa awe amemaliza ukurasa wake. Ulitoka kwenye tovuti ya kampuni ya nguo za watoto aliyoifanyia kazi mjini Osaka, na ulikuwa wa wazazi wasio na muda: nguo ipi itolewe kabatini msimu upi, mtoto asiyetaka kuvaa avishwe vipi, doa la supu lifichwe vipi basi la chekechea likiwa limeshafika kona. Wasomaji walimpenda kwa sababu aliandika kama mtu aliye katikati ya vurugu hizo.

"Leo asubuhi," aliandika wiki ya pili ya Septemba, "binti yangu amekataa soksi tena. Nikamwambia achague moja yeye, moja mimi. Ametoka na mguu mmoja wa bluu na mwingine wa manjano, kichwa juu. Nami nimeiwahi treni."

Asubuhi hiyo Nagumo alikuwa ameamka peke yake katika chumba chake kimoja, akala tonge la wali la dukani akiwa amesimama kando ya sinki, na hakusema neno na mtu yeyote mpaka alipoingia ofisini.

Binti yake, Chihaya, alikuwa Asahikawa, kaskazini kabisa ya nchi, ambako mtu hafiki kwa urahisi bila ndege. Kampuni ilikuwa imemhamisha Nagumo miaka miwili na nusu iliyopita. Mkewe, Fumie, alikuwa na kazi yake katika nyumba ya kutunzia wazee, na mama yake mzazi aliishi mtaa wa pili. Basi likafanyika lile linalofanyika katika nyumba nyingi: baba akafunga masanduku mawili akaondoka, nyumba ikabaki palepale.

Hakukusudia kumdanganya mtu. Mwanzoni aliandika asubuhi alizozikumbuka. Zilipomwishia, akaanza kuzirudia.

Aliyeligundua hilo ni Bi Oba, wa meza ya jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma kurasa zote kabla hazijatoka. Alikuwa na watoto watatu wakubwa na ulimi usio na breki.

"Nagumo, huyu binti yako bado anagombana na soksi?"

"Watoto ndivyo walivyo."

"Mwaka jana mwezi huu aligombana nazo. Mwaka juzi pia, nakumbuka, zilikuwa za bata. Sasa yuko darasa la kwanza. Wangu wakati huo alikuwa ananisema mimi kwa soksi zangu." Akamtazama juu ya miwani. "Au wako anakua kinyumenyume?"

Nagumo alicheka. Bi Oba hakucheka sana, lakini akaupitisha ukurasa.

Wiki hiyo hiyo alifunga boksi. Tarehe mosi Oktoba ni siku ya kubadili nguo nchi nzima, na hata mtu asiyejali mavazi huisikia ikija. Nguo za kiangazi hufuliwa na kukunjwa, zikapanda juu ya kabati. Za baridi hushuka na harufu yake ya dawa ya nondo. Alipokuwa nyumbani, kazi hiyo waliifanya yeye na Chihaya. Mtoto aliingia katika sanduku lililokwisha kutolewa nguo, akajifunika kifuniko, na ilibidi baba aulize kwa sauti kubwa sanduku hili mbona zito, nani kaweka mawe humu. Hapo ndipo mawe yalipoanza kucheka.

Tangu ahame, kila mwaka alituma boksi la nguo. Lilipaswa kufika tarehe mosi yenyewe, si kabla, si baada. Safari hii alichagua sweta la rangi ya haradali, mashati mawili ya mikono mirefu, suruali yenye kitambaa laini ndani, na jaketi jekundu. Kwenye kila nguo alibana kikaratasi kwa pini: "Hili la siku ya mvua." "Hili ukiwa na haraka, linaendana na kila kitu." Kwenye sweta aliandika: "Hili ni la kuvaa unapozungumza na baba."

Zote zilikuwa saizi mia na ishirini. Saizi ya nguo ya mtoto ni urefu wake kwa sentimita, na Januari, alipokwenda nyumbani kwa Mwaka Mpya, nguo za mia na ishirini zilimfunika Chihaya mpaka vidoleni. Mei, kwenye likizo ya masika, alikosa tiketi. Agosti, watu walipokwenda kwao kuyaosha makaburi, katalogi ya majira ya baridi ilimzuia ofisini. Hakuona sababu ya kumuuliza Fumie. Katika ukurasa mmoja wa masika alikuwa ameandika, na wasomaji wengi wakauwekea alama, kwamba mzazi anayemjua mtoto wake hahitaji futi ya kupimia. Mikono yake inajua.

Walizungumza kwa simu ya video kila Jumapili saa nne asubuhi. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, Chihaya alitokea akiwa amevaa sweta la haradali na kukaa karibu kabisa na jiko la mafuta ya taa. Mikono ya sweta ilikuwa imekunjwa mara mbili, imefika karibu na viwiko.

"Baba, limependeza?"

"Limependeza sana. Geuka kidogo nione mgongo."

"Niko vizuri hivihivi."

"Husikii baridi mikononi?"

"Huu ndio mtindo," akasema Chihaya, kwa sauti ya mtu anayemhurumia asiyejua. "Darasani wote tunakunja."

Sauti ya Fumie ikatoka jikoni. "Baba Chihaya, huko kwenu bado mnajipepea?"

"Jana nililala na feni."

"Raha yenu. Hapa milima imeshavaa nyeupe kichwani. Jiko tumeliwasha tangu katikati ya Septemba."

"Kwa hiyo boksi limechelewa?"

Maji yalisikika yakimiminika kwenye sinki.

"Limefika siku yake," akasema Fumie. "Tarehe mosi, saa tano. Kama kawaida yako."

Nagumo alifurahi. Jumatano aliandika kuhusu binti yake aliyemfundisha mtindo mpya: mikono ya sweta kukunjwa mara mbili, mtoto akaonekana mchangamfu na mwepesi. Bi Oba aliusoma ukurasa huo akakuna shingo.

"Asahikawa, Oktoba, mikono wazi?"

"Anasema ndio mtindo."

"Mm," akasema Bi Oba. "Mtoto akisema ni mtindo, mimi huwa naangalia kwanza kama nguo imechanika."

Jumapili iliyofuata Chihaya alivaa shati moja la yale mapya, mikono imekunjwa. Alikuwa anatoka kwenda kwa bibi yake, kwa hiyo katikati ya maongezi akavaa na jaketi jekundu. Nagumo akamwona anainama, ulimi nje kidogo kwa umakini, akikunja mikono ya jaketi pia. Jaketi la theluji. Hakuna mtu anayekunja mikono ya jaketi la theluji.

Hapo akakumbuka. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya ukurasa wa Aprili: "Mkono wa nguo ukiwa mfupi na huna muda wa kununua nyingine, ukunje mara mbili. Utaonekana umekusudiwa, na hakuna atakayejua."

"Chihaya."

"Mm."

"Kunjua mkono mmoja, baba auone."

"Si nilishasema ni mtindo."

"Najua. Nataka kuona tu."

Chihaya akatazama upande, jikoni aliko mama yake. Kisha akakunjua, taratibu, kama anayefungua kitu kinachoweza kumwagika. Mkono wa jaketi ukashuka ukaishia mbali na kiganja, na kifundo kikabaki nje, chembamba, na kile kidoa cheusi alichozaliwa nacho. Januari kidoa hicho kilikuwa kinafunikwa na nguo za saizi hiyo hiyo.

Kwenye kioo cha simu aliiona sura yake ndogo pembeni, akaiondolea macho.

"Mama alitaka kukwambia," Chihaya akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu uliandika mikono yako inajua. Nimesoma mwenyewe, herufi ngumu mama alinisaidia." Akavuta pua. "Ningesema, ungejua kwamba haijui."

Nagumo aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na baba."

"Naam."

"Mimi sikatai soksi. Niliacha zamani. Hapa ukikataa soksi unakufa."

Fumie akaja akakaa nyuma ya mtoto, taulo la jikoni begani, akamkunjulia mkono wa pili. Alikuwa amechoka, Jumapili hiyo alitakiwa kazini mchana.

"Usimkasirikie," akasema.

"Nimkasirikie nani?"

"Basi usijikasirikie. Anavaa mia na thelathini. Nilimnunulia jaketi la bluu Septemba, baridi ilipoanza, liko pale mlangoni. Analivaa shuleni. Hili jekundu ni la Jumapili, la kuonana na wewe."

"Ungeniambia, Mama Chihaya."

"Nilikuwa nakungojea uulize." Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama anayetaja bei ya mayai, na ndiyo maana ilimwingia. "Mimi pia nasoma ule ukurasa, unajua. Nasoma kwenye basi. Naona jinsi ulivyo nasi kila asubuhi. Kisha nafika nyumbani, hupo."

Chihaya alikuwa ameanza kuchezea zipu, juu na chini, juu na chini.

"Sasa una urefu gani?" Nagumo akamuuliza.

"Sijui. Shuleni watatupima Januari."

"Mwombe mama akupime leo. Lakini usiniambie namba. Namba nitaandika tena, halafu nitaiamini mwaka mzima. Lala kwenye mkeka, mama akate uzi kutoka kisiginoni mpaka utosini. Mnitumie uzi."

"Uzi tu?"

"Uzi tu."

Chihaya akafikiri. "Wa rangi gani?"

"Wowote."

"Baba, mtu anayeandika mambo ya nguo hawezi kusema wowote," akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Fumie akacheka.

Baada ya simu kukatika, jirani wa juu alikuwa anavuta kiti. Nagumo alifua nguo zake za kiangazi, akazikunja, akashusha za baridi. Zote ziliingia kwenye sanduku moja na nafasi ikabaki, nafasi ambayo mtoto mdogo angeweza kukaa, kama angekuwa bado mdogo.

Jumatano hakuandika kuhusu soksi. Aliandika kwamba miaka miwili na nusu sasa anaishi mbali na binti yake. Kwamba asubuhi alizozisimulia zilikuwa za zamani. Kwamba alituma nguo ya mtoto wa Januari kwa mtoto wa Oktoba, na mtoto akakunja mikono ili baba asione aibu. Mwishoni aliweka ushauri mmoja tu: kabla ya kushusha nguo za msimu, mwite mtoto asimame mbele yako. Kama hayuko karibu, uliza.

Bi Oba aliusoma mara mbili. Nagumo alingoja dhihaka yake.

"Huu hautauza hata fulana moja," akasema Bi Oba. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu yake kwa muda mrefu. "Hapa mstari wa nne umeruka mkato. Weka, niupitishe."

Bahasha ilifika siku ya pili, nyepesi, yenye mwandiko mkubwa uliopanda mlima kuelekea kulia. Ndani kulikuwa na uzi wa sufu wa rangi ya haradali. Walikuwa wamelifumua sweta. Ncha moja ilifungwa fundo, na kwenye fundo kikaratasi kilibanwa kwa pini, moja ya zile zile alizozituma yeye: "Hapa ni kichwa."

Nagumo alibandika uzi kwenye mwimo wa mlango, ncha ya chini ikigusa sakafu. Akasimama kando yake. Fundo lilimfikia kifuani, juu ya mfuko wa shati. Januari lingemfikia chini ya mbavu, au alidhani hivyo. Hakuwa na hakika, na hakutaka tena kujifanya ana hakika. Akaweka kiganja juu ya fundo, kama mtu anavyoweka juu ya kichwa cha mtoto, akakaa hivyo. Treni ikapita nje, mwimo ukatetemeka kidogo.

Alipoinama kuokota bahasha, akaona kuna kikaratasi cha pili, kimenata ndani.

"Huu ni wa Jumapili iliyopita," Chihaya alikuwa ameandika. "Usichelewe, utakuwa mfupi."

Asubuhi iliyofuata Nagumo aliomba fomu ya likizo, akaijaza akiwa amesimama kwenye meza ya Bi Oba, maana kalamu yake haikuwa na wino. Siku tatu, za karibu kabisa alizoweza kupata. Kwenye nafasi ya sababu alisita kidogo, kisha akaandika: kubadili nguo.