Lenzi za Maonyesho

Katika duka lile la miwani, wateja hawakumwona Fundi. Mbele kulikuwa na kengele mlangoni, kioo kirefu, viti viwili, rafu za fremu na msichana wa mapokezi mwenye sauti laini. Nyuma, ng'ambo ya pazia la kitambaa cha kijani, ndipo alipokaa Fundi na mashine yake ya kusaga lenzi. Mteja aliacha namba za macho yake mbele, lenzi zikasagwa nyuma, zikatiwa kwenye fremu na kurudi mbele zinang'aa. Pazia liliwekwa kuzuia vumbi. Sauti halikuizuia hata kidogo, lakini hilo Fundi hakuwahi kulifikiria. Mashine ikinguruma alilazimika kupaza sauti, na ikizimwa alisahau kuishusha.

Na mdomo alikuwa nao. Alipenda kutaniana, na utani wake uliwafikia hata wasioutaka. Kazi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa namba kubwa, zile za watu wasioona hata mkono wao wenyewe, kwa sababu lenzi zake ni nene na ukingo wake humsumbua mtu nusu siku. Kazi kama hizo zilikuja mara chache. Ya mwisho, miezi michache nyuma, ilikuwa nene kama kitako cha chupa. Alipoimaliza aliinyanyua kwenye taa, akaangua kicheko. "Jamani, mwenye miwani hii, mke atamtafuta kwa kupapasa!" Msichana wa mapokezi akachungulia pazia, akaweka kidole mdomoni. Fundi akadhani na yeye anajizuia kucheka.

Mbali na mdomo, alikuwa na jicho. Wanawake wa maduka ya jirani walimletea simu zao wakati wa chakula cha mchana. "Fundi, hebu nitazamie huyu." Wengi walikuwa wakitafuta wachumba mtandaoni, na Fundi, aliyewahi kuolewa akaona inatosha, alikuwa hakimu wao. Alimnasa injinia mmoja kwa sababu kofia yake ya kazi ilikuwa bado na kibandiko cha bei. Alimnasa mwingine, mjane kwa maelezo yake mwenyewe, ambaye miwani yake ya jua, picha ilipovutwa karibu, ilionyesha mwanamke aliyeishika kamera, na mtoto mgongoni. Siku hiyo sifa zake zilivuka barabara. Hata muuza maua, ambaye hakuwa na simu ya maana, alikuja kuuliza dalili ni zipi.

"Picha moja tu, ondoka," Fundi alimwambia. "Hataki video, ondoka. Ana visingizio vitamu, kimbia."

Sasa, nyumbani kwa Fundi kulikuwa na mama yao na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watoto wa chekechea. Mwalimu alikuwa amefika umri ambao kwenye harusi watu huacha hata kuuliza "na wewe je, lini?" Alizoea. Alikwenda kazini, alirudi na chaki kwenye mikono ya gauni, alikula, alilala. Kisha, bila kumwambia mtu, akaanza kucheka peke yake jikoni huku simu ikiwa sikioni.

Aliyemchekesha alikuwa mwoka mikate. Walikutana kwenye mtandao wa kutafuta wachumba, na badala ya kuandika alimtumia Mwalimu sauti: jinsi donge la unga lilivyokataa kuumuka, jinsi paka wa kiwandani alivyolala kwenye gunia, jinsi alivyoikumbuka siku nzima hadithi aliyosimuliwa ya mtoto wa darasani aliyekataa kuvua kofia. Alikumbuka kila kitu alichoambiwa. Mwalimu hakuwa amewahi kusikilizwa hivyo, na alipomwambia dada yake kwamba mtu huyo anakuja Jumapili kumsalimia Mama, uso wake ulikuwa umejaa haya kama wa msichana mdogo.

"Nipe simu," Fundi akasema.

"Dada, sikukuomba."

"Nipe tu. Nikose usingizi bure?"

Akampa. Labda kama angekataa siku ile, mambo yangekuwa mengine, lakini hakuna aliyewahi kumkatalia Fundi kitu na akakaa kwa raha. Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kazi yake.

"Picha moja."

"Hapendi kupigwa picha."

"Haandiki. Anatuma sauti tu, na sauti yenyewe tamu kama asali. Video je?"

"Amesema kwa video hajiwezi."

"Hajiwezi! Na hapa kwenye maelezo yake, sikiliza: 'Picha haisemi yote. Tukionana utanijua nilivyo.' Mdogo wangu, mwizi gani hubisha hodi kwa adabu hivi?"

Kisha akaivuta picha karibu, na hapo Fundi akanyamaza, jambo ambalo lilimtia Mwalimu hofu kuliko maneno yote. Mtu yule alikuwa amevaa miwani ya fremu nyembamba, ya kisasa, iliyomkaa vizuri sana.

"Ameandika hapa kwamba macho yake ni mabovu tangu utotoni," Fundi akasema polepole. "Haya, tazama shavu. Mtu mwenye namba kubwa, ukimwangalia kupitia lenzi zake, ukingo wa uso unaingia ndani kama umekatwa. Huyu shavu lake limepita moja kwa moja. Hicho ni kioo cha dirisha. Hana namba. Anavaa miwani ya urembo na kukuongopea kuhusu macho yake mwenyewe! Mtu anayeongopa jambo dogo hivyo, kubwa atalifanyaje?"

Mwalimu alichukua simu yake, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa haikuwa chafu. "Mimi ndiye niliyemwambia miwani hiyo inampendeza," akasema. "Mama ameshakubali aje. Naomba unyamaze, Dada. Mara hii moja tu."

Fundi aliahidi. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshamweleza Mama kila kitu.

Jumapili, Fundi ndiye aliyefungua mlango. Mtu wa kwenye picha alikuwa amesimama pale na mkate wa moto uliofungwa kwa kitambaa cheupe, na miwani ile ile usoni. Alitafuta kizingiti kwa ncha ya kiatu kabla ya kuingia. Akatabasamu, akanyoosha mkono, akamshika Fundi vidole kwa upole uliomfanya hata yeye ashtuke.

"Mwalimu wangu," akasema. "Hatimaye."

Mwalimu alikuwa nyuma hatua chache, ameshika sinia la glasi. Glasi zikagongana.

"Mimi siye," Fundi akasema.

Mgeni akaomba radhi, mara mbili, akageukia upande wa sinia. Lakini Fundi alikuwa ameshamtazama Mama, na jicho lake lilisema yote: unaona? Hata sura ya anayetaka kumchumbia haijui. Mgeni alimsalimia Mama shikamoo akiwa amemwelekea kidogo kando. Aliketi kwa kupima kiti na kiganja. Alipopewa juisi, mkono wake ulipita glasi ukagusa bakuli la sukari. Mtu yeyote mwenye akili iliyotulia angeona. Fundi, ambaye kazi yake ni macho ya watu, aliona lenzi tu.

Akajikaza. Nusu saa nzima alijikaza. Mgeni alimsimulia Mama habari za mikate, Mama akacheka, Mwalimu akaanza kupumua, na huenda ndicho kilichomuudhi Fundi, kwamba mambo yalikuwa yakienda vizuri na yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Shemeji," akasema, "miwani yako nzuri. Hebu niione."

"Dada," Mwalimu akasema.

"Naitazama tu. Si ndiyo kazi yangu?"

Mgeni alisita. Kisha akaivua, akaitoa mbele. Fundi akaishika juu ya kitambaa cha meza chenye mistari, akaisogeza kushoto na kulia.

"Mama, tazama mistari. Haisogei. Lenzi yenye namba ingeichezesha. Hii ni plastiki tupu! Mtu huyu haoni vibaya wala nini. Amekuja nyumbani kwako na uongo usoni, na sauti za asali, na picha moja. Mimi watu hawa nawajua, nawanasa kila siku. Sasa atuambie: kipi kingine ni plastiki?"

Mgeni, uso wake bila miwani, alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha chumba cha pili.

"Unafanya kazi kwenye duka lenye kengele mlangoni," akasema. Hakuwa anauliza. "Nyuma ya pazia."

"Ndiyo. Na ndiyo maana hunidanganyi."

Mgeni alitikisa kichwa kukubali. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kasha, na ndani ya kasha miwani nyingine. Alipoivaa macho yake yakawa madogo ghafla, yamezama mbali ndani ya vioo, na mashavu yakakatwa pande zote mbili. Fundi akaijua kabla hajaifikiria. Ukingo ule aliupunguza kwa mshazari yeye mwenyewe, nusu siku nzima, akinung'unika. Na papo hapo akaelewa kile alichokishika mkononi. Kila fremu mpya huja dukani na lenzi za plastiki za maonyesho, zisizo na namba, ili fremu isipinde rafuni. Yeye huzichomoa kila siku na kuzitupa ndooni. Mtu amenunua fremu tupu, amepigwa picha nayo na lenzi zake za maonyesho, basi. Hata fundi mwanafunzi angelijua hilo.

Mgeni alikitazama chumba kwa mara ya kwanza. Alimtazama Mama. Kisha akamtazama Mwalimu, macho yake yakabaki hapo kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akamwambia taratibu. "Uliniandikia kwamba miwani ya kwenye picha imenipendeza. Nikaogopa kukuletea hii."

Akamgeukia Fundi. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pili, nasubiri. Ulisema mwenye miwani hii, mke atamtafuta kwa kupapasa. Macho yangu hayakumbuki sura, lakini sauti nazikumbuka." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Na leo kweli nimeingia kwenu napapasa. Ulisema kweli, Dada."

Fundi aliikunja ile fremu nyembamba mkononi, akaikunjua tena.

"Mama, nisamehe," mgeni akasema akisimama. "Nimeingia kwako na kitu cha uongo usoni. Haikuwa heshima." Akatoka, na safari hii hakukitafuta kizingiti. Mwalimu aliweka sinia sakafuni, palepale, akamfuata bila viatu.

Haya ilimshika Fundi kuanzia masikioni. Alitamani ardhi ipasuke. Alitamani Mama amtukane, amgombeze kama mtoto, lakini Mama aliufunga tu upya mkate kwenye kitambaa chake, pembe kwa pembe.

"Ulisema hivyo kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mtu usiyemjua hata jina."

"Sikujua kama yupo."

Mama akamtazama. Fundi akasikia mwenyewe alichosema. Akawakumbuka wale wa kwenye simu za wakati wa chakula, wanaume chungu nzima aliowacheka sura, meno, mashati, wote wakiwa hawapo. Wachache walikuwa matapeli. Wengine hakujua walikuwa nani, na hakuwahi kutaka kujua.

Mwalimu alirudi jua likiwa limezama, miguu ina vumbi. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alitembea wima. Fundi akainuka haraka, fremu nyembamba bado mkononi. Alikuwa ameishika tangu mchana bila kujua aiweke wapi.

"Mdogo wangu, nisikilize. Zipo lenzi nyembamba za kuagiza. Namba yake ninayo. Nitaziweka humu humu, zitamkaa vizuri, gharama yangu. Mwambie. Nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe, hata kesho, hata mbele ya watu."

"Hapana."

"Basi nifanye nini?"

Mwalimu aliketi, akaanza kufuta miguu kwa kitambaa. Alifuta mmoja, kisha wa pili.

"Atarudi," akasema. "Amekubali kuja tena kuzungumza na Mama. Ameomba kitu kimoja tu, iwe siku ambayo wewe uko kazini."

Fundi aliitikia kwa kichwa. "Jumanne," akasema. "Jumanne nipo kazini mpaka jioni."

"Nitamwambia."

"Na fremu yake?"

"Kaa nayo. Aliinunua siku ile ile, dakika chache baada ya kukusikia."

Jumanne, wakati wa chakula, muuza maua alikuja na simu mpya, akainua pazia. "Fundi, hebu nitazamie huyu." Fundi alisema macho yanamuuma. Kazi ya siku hiyo iliisha mapema, mashine ikazimwa, na msichana wa mapokezi akamwambia anaweza kwenda nyumbani. Fundi alimshukuru kwa sauti ndogo, akabaki ameketi nyuma ya pazia mpaka duka lilipofungwa.