Kina cha Masinia

Hamisa na Revelian walikuwa wamenuniana tangu mfungo uliopita, pale Revelian alipomwambia mbele ya wenzao kwamba saizi yake ni kupika uji wa futari, si spiriti. Wote mainjinia, kiwanda kimoja cha spiriti hapo Temeke, na wote wanautaka ukuu wa uzalishaji. Salamu hakuna. Kazi ikilazimisha, ujumbe unapitia kwa Petro, fundi wa zamu.

"Petro, mwambie huyo aongeze mvuke."

"Petro, mwambie huyo nimesikia."

Hamisa ndiye aliyeinua kingo za masinia yaliyopangwa moja juu ya jingine ndani ya mnara wa kusafishia spiriti, ili kimiminika kituame kwa kina zaidi, mvuke ukipenya humo uchujike vizuri. Na kweli, spiriti ikatoka safi. Revelian akamtuma Petro: kina kikizidi, mvuke unasukuma kwa taabu; ukiuongeza, kimiminika kitashindwa kushuka, kitajaa sinia hadi sinia mpaka kitokee juu. Hamisa alijua ni kweli. Lakini akubali neno la Revelian? Bora ameze kaa la moto.

Siku tajiri mwenye kiwanda alipokuja kuchagua mkuu, Hamisa alitaka kumwonyesha mnara wake ukienda mbio. Akaagiza kupitia Petro mvuke uongezwe. Revelian akafungua vali kwa furaha mbaya, na Petro akaenda kula.

Mshale wa presha ukaanza kupanda. Hamisa aliuona. Revelian, hatua chache pembeni, mkono kwenye vali, aliuona pia. Wakatazamana. Petro hayupo. Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme kwanza. Mnara ukaanza kutetemeka.

"Funga mvuke!" Hamisa akapasuka. "Revelian, funga!"

"Unasema na mie?" Revelian akatabasamu. "Ngoja Petro arudi anipe ujumbe."

Hamisa akamsukuma, akaifunga vali mwenyewe. Alikuwa amechelewa. Kimiminika kichafu kilishatokea juu ya mnara na kumwagikia kwenye tangi la spiriti safi, tajiri akiangalia.

"Nani aliuona mshale?" tajiri akauliza.

Wote wawili wakageukia mlangoni kumtafuta Petro. Petro akaingia akipangusa mdomo, na tajiri akamkabidhi funguo za ofisi.

"Mkuu ni wewe. Hapa wewe ndo mtu pekee wanayeongea naye hawa wawili."

Hamisa akahisi machozi ya hasira. Akamgeukia mkuu wake mpya.

"Petro," akasema, "mwambie huyo, haya yote kayataka yeye."