Upindo wa Banda la Kuku

Nimeshona nguo miaka thelathini na minne, na hakuna bibi harusi hata mmoja aliyewahi kukanyaga gauni nililolipinda mimi. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimeanza kujisifu mwishoni. Najisifu tangu mwanzo.

Macho yaliponisaliti, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, mwanangu alinichukua nikaishi kwake. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake iko mbele, nyumba katikati, ua nyuma. Mkewe alinipa chumba chenye dirisha la uani, akanikataza kugusa hata kikombe. "Pumzika, Mama. Umefanya kazi ya kutosha." Nia yake ilikuwa njema, lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimaliza mwaka mzima bila jembe, na iliniuma.

Ndipo nikajinunulia kuku tisa. Mayai ya asubuhi yakawa yangu, na kila aliyemenya yai mezani pale nilimtazama mpaka akameza. Wanasema kuku wa maskini hatagi. Wangu walikuwa hawajaisikia methali hiyo.

Kisha wakaja mbwa wa Afande. Afande ni jirani yetu wa upande wa nyuma, mlinzi mstaafu, na jina hilo la utani analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Ana mbwa wawili, mweusi na mwekundu. Mchana mmoja walisukuma mlango wa banda, wakaua kuku wawili. Nilimfuata mwenyewe hadi langoni kwake na manyoya mkononi.

"Mbwa wangu wamefunzwa," akasema. "Hawatoki bila amri yangu."

"Kwa hiyo amri ya kula kuku wangu uliitoa wewe?"

Akanifungia lango.

Mwanangu alikasirika, na hasira ya fundi chuma huishia kwenye chuma. Alichomelea mlango mpya wa nondo, makomeo mawili na kufuli. Juu akaongeza paa la wavu, kana kwamba mbwa wa Afande wameota mabawa. Mlango ule ungeweza kufunga jela. Nilimpongeza, kwa sababu mtoto ni wako hata akikosea.

Siku nane baadaye kufuli lilikuwa pale pale, limefungwa vizuri kabisa, na kuku watatu walikuwa wamekufa. Mbwa hawakuugusa mlango. Walichimba chini ya ukuta wa wavu, wakapita na kurudi walikotoka.

Mwanangu alisimama uani akitazama shimo, uso umemshuka. "Mama," akasema taratibu, "wakirudi tena, hawa wanne tutawachinja wenyewe. Afadhali tule sisi. Nitakununulia mayai dukani, trei nzima kila wiki."

Mayai ya dukani! Nikaona jinsi nitakavyorudi kukaa dirishani na mikono mapajani, naulizwa kama nimeshiba. Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, sifichi, kisha nikaosha uso nikarudi bandani.

Nikapiga magoti, nikalipapasa shimo lote kwa vidole. Lilianzia ukutani hasa, pale wavu unapokutana na udongo. Nikatafuta mengine, nikakuta vishimo vitatu vya majaribio, na vyote vilianzia hapo hapo. Mbwa hana kipimo. Akifika ukutani anachimba ukutani, haimjii akilini kurudi nyuma hatua mbili. Hapo nikaelewa kosa la mwanangu. Amesoma milango na makomeo, lakini hajawahi kushona. Mtu aliyeshona anajua kwamba nguo huanza kuharibika chini, na ndiyo maana hatuikati ikaishia hapo. Tunaiacha ndefu, tunaipinda.

Karakanani kulikuwa na mabaki ya wavu mgumu wa matundu madogo. Nilimwomba mkwe wangu anisaidie kuuburuta. Alitaka kuniambia nipumzike, akaniona usoni, akaacha. Tukaukata vipande vyenye upana wa mkono wangu, kutoka begani hadi ncha za vidole. Tukavilaza chini, kwa nje, kuzunguka banda zima, kila kipande kimegusa ukuta. Kisha nikaanza kushona kwa waya mwembamba, nikiunganisha upindo na ukuta, mshono wa kurudi nyuma, ule usiofumuka hata uzi ukikatika mahali. Tundu la sindano silioni, lakini tundu la wavu linapitisha kidole, na vidole vyangu havijazeeka. Mkwe alikuwa akinikatia waya na koleo. Kufika saa tisa alikuwa anashona mwenyewe upande wa pili, na mshono wake, namwambia kila mtu, umenyooka.

Mwanangu alikuja kutazama, miwani ya kuchomelea juu ya paji. "Mama, unawavalisha kuku sketi?"

"Ndiyo."

"Sasa wavu uliolala chini utamzuia nani?"

"Kapinde vile vyuma vyembamba vya kuubana ardhini. Maswali utauliza baadaye."

Akapinda. Tukaubana, tukaufukia kwa udongo kidogo, tukanawa.

Walikuja Jumapili, chai ikiwa mezani. Mwanangu aliwaona dirishani, akakamata rungu. Nikamshika mkono. "Tulia. Waache wajaribu."

Mweusi alikwenda moja kwa moja ukutani, akaanza kuchimba. Udongo ukaruka, kisha tukasikia kucha zikikwaruza waya. Akasita. Akasogea pembeni, akachimba tena ukutani, kucha zikakwaruza tena. Mwekundu alizunguka nyuma, naye hakupata pa kuingilia. Kuku wangu wanne walikuwa wamejibana katikati, wanapiga kelele za kufa mtu, na hakuna hata unyoya uliong'oka.

Afande alifika mbio na minyororo mkononi, akasimama. Alimwona mbwa wake aliyefunzwa, amezamisha pua udongoni, na sisi watatu mlangoni tukimtazama. Alimfunga mweusi, akamfunga mwekundu, akajikuna shingo.

"Samahani, Mama. Wanachimba chini ya ua wangu, hata mimi nashindwa. Nimeweka mawe, wapi!" Akauinamia wavu, kisha akamgeukia mwanangu. "Kijana, umeutegaje huu? Njoo unifanyie na mimi."

Mwanangu hakuchelewa. "Mzee, mimi nilitengeneza mlango, na mlango haukusaidia kitu. Hii ni kazi ya mama yangu. Akikubali kuja, mimi nitambebea wavu."

Wote wakanitazama. Mkwe wangu alikwenda ndani akaniletea koleo.

"Kwangu adui yuko nje, kwa hiyo upindo umetoka nje," nikamwambia Afande. "Kwako tutaupinda kwa ndani. Tangulia ukawafungie ndani, nakuja kuchukua vipimo."