Doa la Nusu Kiatu

Lori lilikuwa limeshaliacha geti nyuma na mimi bado nababaika na kompyuta ya mkononi mapajani. Mpwa wangu, fundi wetu wa vifaa, alibanana kati yangu na dereva, kadi mbili ndogo kiganjani kama mbegu za boga.

"Chagua, Mjomba. Mfumo wa zamani ulikufa jana, haufufuki."

Mfumo ndio unaoiendesha kompyuta. Bila huo ni kigae tu. Akanieleza kwamba huu wa bure unapikwa na makundi mengi ya mafundi, kila kundi kwa mkono wake, na yeye kapata matoleo mawili yanayokubali kifaa chetu. La kwanza jepesi, linawaka upesi, chaji inafika jioni. La pili zito, dakika nne kuwaka, na linakula chaji kama mgeni asiyeona haya.

"Ramani inafunguka?"

"Kwenye jepesi imefunguka. Ila sijaipitia yote."

Nimetembea nchi nyingi, shule nimeiokota vipande vipande, na siku zote nimeogopa kuishiwa katikati ya njia. Nikasema jepesi.

"Mzee na vyepesi," dereva akacheka. "Hata mzigo wa mke ulimshinda."

Dereva tulimwita Nusu Kiatu. Bomu la ardhini lilimchukua vidole vyote vya mguu wa kulia, karibu na nguzo ya tatu ya umeme, kwenye uwanda uleule tuliokuwa tunauendea. Kazi yetu ilikuwa kupigilia vigingi pale wapimaji walipogundua mabomu, ili wateguaji wajue pa kuanzia. Kila bomu lilikuwa na doa jekundu kwenye ramani. Pasipo doa, panapitika. La Nusu Kiatu, ingawa lilishalipuka, hatukulifuta. Kila asubuhi tuliligusa kwa kidole, kumsalimu, ndipo tunaanza.

Asubuhi ile, kwa ulimbukeni wa mfumo mpya, sikuligusa.

Tulipofika, mpwa alitangulia na vigingi mgongoni, mimi nikabaki ukingoni mwa barabara nikimwelekeza. "Mbele kweupe. Nenda tu."

Alikuwa amefika hatua thelathini nilipoikumbuka salamu. Nikaitafuta nguzo ya tatu kwenye kioo. Nguzo ipo. Doa hakuna.

Nikaikagua ramani nzima, hapakuwa na doa hata moja. Toleo lile jepesi lilifungua ardhi, barabara na nguzo. Madoa liliyaacha, wala halikusema neno.

"Simama hapo hapo," nikamwambia. "Usikanyage chini."

"Mjomba, mguu mmoja uko hewani."

"Urudishe ulikoutoa."

Nusu Kiatu akashuka kwenye lori, akachungulia kioo. "Mimi simo," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Binti, kanyaga nyayo zako mwenyewe tu. Mimi niliongeza hatua moja."

Kadi ya toleo zito ilikuwa mfukoni mwa shati la mpwa wangu. Akaanza kurudi. Majani yalikuwa yameshaanza kuinuka, kila unyayo akautafuta kwa macho kabla ya kuukanyaga. Nilihesabu kimyakimya. Kwenye hatua ya kumi na tisa akayumba, vigingi vikagongana, nami nikamwona dada yangu mlangoni akiniuliza mtoto wake yuko wapi.

Hakuanguka.

Alipofika barabarani alikaa chini, akanipa kadi bila kunitazama. Nikaipachika, tukangoja dakika nne. Kisha madoa yakatoka kiooni kama surua, la Nusu Kiatu likiwa la kwanza.

Wateguaji walimaliza uwanda ule baada ya wiki tano, wakatoa mabomu saba. Moja lilikuwa shubiri moja kutoka njia aliyopita mpwa. Nusu Kiatu aliacha udereva, sasa anaziba pancha. Mpwa wangu anafundisha vijana kujaribu vifaa kabla ya kwenda navyo kazini. Tukikutana ananisalimia, ila hajatangulia tena mbele yangu, hata kwenye ngazi. Dada yangu hajaambiwa. Mimi niliacha kazi mwezi uleule, nikahamia mji mwingine. Kompyuta iliendelea na toleo zito, na chaji iliisha kila siku saa sita mchana.