Tumbo Langu, Sema

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Wanaopenda kuniambia nitulie ndio hao hao waliomfunga mtoto tumbo.

Nafundisha nyimbo shule ya chekechea. Darasa langu lina mkeka, dirisha lisilofungika na ngoma iliyochanika ngozi, ambayo mwalimu mkuu anaahidi kuitengeneza tangu nilipoajiriwa. Nikaona nisimsubiri. Nikawaambia watoto, ngoma haina ngozi, tumieni za kwenu. Ndipo ulipozaliwa wimbo wetu. Nikiimba "tumbo langu, sema", kila mmoja anapiga tumbo lake. "Paja langu, sema", wanapiga mapaja. "Shavu langu, sema", wanalijaza hewa na kulipasua kwa vidole, pwa. Nilikuwa nimechoka kusikia watoto wadogo vile wakiitana njiti, bonge, uso wa chura, maneno waliyotoka nayo majumbani pamoja na vikombe vyao vya maji. Nikasema basi, humu ndani mwili hauulizwi unafananaje, unaulizwa unaliaje.

Hapo ndipo mtoto wa dada yangu alipong'aa. Kwao wanamwita Kibonge: baba yake, wajomba zake, hata jirani anayekuja kuomba chumvi. Eti ni utani. Kwangu tumbo lake lilitoa mlio mnene, ndu, na wenzake walipanga foleni kuliwekea sikio. Ya kwao yalisema tap tap tu, kama mgeni anayebisha hodi kwa woga. Ikawa yeye ndiye anayeanza, wengine wanafuata.

"Mama mdogo," akaniambia siku moja, "mimi ndiye ngoma kubwa."

Nikamwambia ndiye, na nani mwingine.

Ikaja sherehe ya wazazi. Mwalimu mkuu akataka wasichana wote wavae magauni ya njano. Fundi cherehani akaja, akampima mtoto mmoja, yule mwembamba anayekaa karibu na mlango, akaenda kwake akapanga vitambaa tabaka juu ya tabaka na kuvikata vyote kwa mpigo mmoja. Nilipomfuata kumuuliza, hakuinua hata uso kwenye cherehani yake.

"Dada, mimi niliambiwa wafanane."

Nikaenda ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa anakunywa chai. Nikamweleza kwamba gauni halimwingii mtoto wa dada yangu, na kwamba fundi anaweza kuongeza kipande ubavuni, kazi ya dakika chache tu.

"Litaonekana kiraka," akasema. "Akae nyuma, asionekane sana. Au mzazi wake ampunguze kidogo, muda bado upo."

Ampunguze. Yaani mtoto amekuwa pindo la suruali. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii bosi wake, naye akaniambia nitulie, kisha akajiongezea sukari.

Jumatatu tukaimba. Matumbo yakasema, lakini ule mlio mnene sikuusikia. Nikadhani hakuja shule. Kumbe yupo, mbele kabisa, anapiga kwa bidii, na tumbo linatoa sauti ya boksi la viatu. Nikasimamisha wimbo, nikamwita pembeni, nikamfunulia fulana. Nikakuta mkanda. Ule mkanda mpana wa kuvutika wanaojifunga wanawake wakishajifungua, umemzunguka mara mbili, na kingo zake zimemchimba mbavuni.

"Nani kakufunga?"

"Mama. Ili gauni liingie. Amesema tumbo likizoea, litabaki ndani."

Niliufungua, nikamwachia mwalimu mwenzangu darasa, nikaenda saluni kwa dada yangu. Alikuwa anamsuka mteja. Nikauweka mkanda mezani, kati ya vitana.

"Huu wa nani?"

"Wa kwangu," akasema, vidole havikusimama. "Usinitolee macho. Wewe ulizaliwa mwembamba, hujawahi kuitwa Pipa shule nzima. Mimi nimeitwa. Siku ya kupiga picha, mwalimu alinishika bega akaniweka nyuma ya mlango. Bora mwanangu abanwe na mkanda kuliko kubanwa na macho ya watu."

"Kwa hiyo ukaamua kuwatangulia."

Mteja akakohoa. Dada akaniambia nitoke, nikatoka huku masikio yananiwaka. Angekuwa mtu baki ningejua la kumfanya. Huyu ni dada yangu, amenibeba mgongoni.

Siku ya sherehe mtoto aliletwa amevaa kabisa, gauni limefungwa hadi shingoni, anapumua juujuu. Mwalimu mkuu akamsogeza mstari wa nyuma. Nikamshika mkono nikamrudisha mbele, tukakaziana macho mimi na bosi wangu mbele ya wazazi. Nilipopeleka mkono kumfungua mkanda, mtoto akanizuia.

"Litapasuka, mama mdogo. Mama ataaibika."

Nami nisingeweza kumvua kwa nguvu mbele ya ukumbi mzima. Nikaimba. "Tumbo langu, sema."

Akapiga. Boksi la viatu. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, kisha kwa ngumi. Wazazi wakacheka, kile kicheko cha mtu mzima anayeona mtoto ana vituko. Wenzake walikuwa wameinua mikono, wanamsubiri aanze. Akanigeukia.

"Mwalimu, halisemi."

Kiti kikaburuzwa. Dada yangu alikuja mbele, akapiga magoti, akafungua vifungo vya gauni kimoja kimoja, akautoa ule mkanda watu wote wakiona. Kicheko kikakatika.

"Haya, mama. Piga sasa."

Mtoto akapiga. Hakuna. Alikuwa amelivuta tumbo ndani mwenyewe, mbavu zimemtoka.

"Liachie, mwanangu."

"Nikiachia utanifunga tena."

Nilimtazama dada yangu, na namwambia ukweli yeyote anayetaka kuusikia, nilifurahi kwamba neno hilo limemchoma.

"Sikufungi," akasema. "Tazama, tunapiga wote." Akapiga tumbo lake mwenyewe.

Boksi la viatu. Mtoto akamsogelea, akamwekea sikio tumboni kama wenzake walivyozoea kumwekea yeye, akasikiliza.

"La kwako pia halisemi, mama."

Dada akanigeuzia mgongo, bado amepiga magoti.

"Nifungulie," akaniambia. "Mwenyewe sifiki."

Nikashusha zipu ya gauni lake. Ndani kulikuwa na mkanda mwingine, mpya, na kulabu zake zimekazwa mpaka mwisho. Nikaanza kuzifungua moja moja, kwa hasira.