Tairi la Mbele Kushoto

Taa iliwaka Jumanne, ikawaka tena Alhamisi, na Jumamosi asubuhi Sevda alipowasha gari akaikuta pale pale kwenye dashibodi, ya njano, ndogo kama ukucha, mchoro wa tairi na alama ya mshangao katikati. Akaitukana. Aliitukana taratibu, kwa matusi ya marehemu mumewe, maana ya kwake yalikuwa yameshakwisha tangu Alhamisi.

Tuseme ukweli, taa peke yake isingemkosesha mtu usingizi. Kazi ilikuwa kwa Mzee Velko, baba mkwe wake. Mzee huyu aliendesha basi kuvuka mlima ule kwa miaka thelathini na moja, theluji na ukungu, bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, na katika miaka yote hiyo alikuwa na sheria moja: gari lenye taa inayowaka halivuki mlima. Kushuka bondeni kwa fundi, ruksa. Kwenda dukani, ruksa. Kuvuka mlima, sahau. Na gari lilikuwa lake, kwa jina lake, na nyumba ilikuwa yake, na Sevda alikuwa ameishi chini ya neno lake miaka ishirini na sita, minne ya mwisho akiwa mjane. Kumpinga mzee yule ni kitu ambacho hakuwahi hata kukijaribu.

Sasa Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa jikoni, kwenye hoteli moja ya wacheza theluji ng'ambo ya mlima. Mkuu wa jiko, Bi Gergana, alimwambia waziwazi kwamba msimu unafunguliwa Ijumaa, na asiyefika Jumatatu nafasi yake inakwenda kwa mwingine, wako saba wanaisubiri. Basi la kijiji lilifutwa tangu kiangazi. Halafu hata kama angepata wa kumbeba hiyo Jumatatu, bila gari angerudije Jumatano kumtazama mzee? Maana ndivyo walivyopanga: yeye alale hotelini, Jumatano jioni na mwisho wa wiki awe nyumbani, na siku zilizobaki Bi Donka wa nyumba ya tatu amletee mzee supu. Sevda alikuwa na miaka hamsini na hajawahi kushika mshahara wenye jina lake mwenyewe. Aliitaka kazi ile mpaka akawa anaiota, anaota masufuria, jamani, masufuria makubwa ya watu wengine.

Jumanne fundi wa matairi, Mincho, alicheka tu. Akamwambia ni baridi, kila Novemba wanamjia na taa hiyo hiyo, upepo unasinyaa usiku na gari linalia kama mtoto. Akajaza upepo mpaka kipimo cha mbili nukta tatu tairi zote nne, taa ikazimika, Sevda akapanda nyumbani anaimba. Alhamisi ikawaka. Lililopungua lilikuwa la mbele kushoto. Mincho akalitumbukiza kwenye karai la maji, akaligeuza, akainama mpaka pua ikagusa maji, hakuona hata povu moja. Akabadilisha valvu hata hivyo, ili roho yake itulie. Kisha akafanya jambo la akili: akalitoa lile tairi la mbele kushoto akalifunga nyuma kulia, na la nyuma kulia akalileta mbele. Akamweleza Sevda kwamba pancha iliyojificha itahama na tairi lake, watajua tu.

Jumamosi ndiyo hiyo taa ikawaka tena. Sevda akashuka bondeni huku mikono imemkakamaa kwenye usukani. Mincho akapima. Lile tairi alilolishuku, ambalo sasa lilikuwa nyuma kulia, lilikuwa karibu zima kabisa. Lililopungua lilikuwa la mbele kushoto.

Mincho alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimuita Sevda dada tangu alipokuwa mdogo, na sasa aliona haya kumtazama usoni.

"Dada Sevda, tairi nimelihamisha, ugonjwa haukuhama. Tairi halifanyi hivyo. Mtu ndiye anafanya hivyo."

"Mtu gani?"

"Mimi nitajuaje? Gari linalala uani kwenu, si kwangu."

Akajaza tena upepo, akakataa hata kunywa kahawa naye, akarudi ndani kwenye kelele za kompresa yake. Sevda alikaa garini dakika kumi nzima bila kuondoka. Uani kwao wanalala watu wawili na kuku kumi na mmoja. Yeye hakulitoa upepo. Kuku hawajui valvu.

Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Siku alipomweleza mzee habari za kazi, mzee hakusema ndiyo wala hapana, aliuliza tu nani atapika maharage ya Ijumaa. Na taa ilianza lini? Jumanne, siku mbili baada ya mazungumzo hayo. Na gari linaegeshwaje? Ubavu wa kushoto umebanana na ukuta wa nyumba, chini ya mzabibu, mahali ambapo ukisimama dirishani hakuna unachokiona. Kumbe! Dereva wa miaka thelathini na moja, nani anayejua zaidi yake jinsi ya kulitoa tairi upepo kidogo kidogo, kiasi cha kuwasha taa na si zaidi? Anaiweka sheria kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaiwasha taa.

Jioni ile alimpakulia mzee chakula akiwa anamchukia. Sisemi alimkasirikia, nasema alimchukia, alichukia mpaka namna alivyovunja mkate ndani ya bakuli. Miaka ishirini na sita amemfulia, amemzika mtoto wake pamoja naye, amemkata kucha za miguu majira ya baridi mgongo ulipomkaza, na malipo ndiyo haya, kufungiwa kama mbuzi. Televisheni ilikuwa inanguruma habari kwa sauti ambayo Bi Donka angeweza kuifuata akiwa kitandani kwake. Mzee akauliza kuhusu taa. Sevda akajibu kwamba bado, kwamba Mincho ameshindwa.

"Mincho hajui kitu," mzee akasema, akichota maharage. "Liache, mimi naliangalia."

Sevda aliona anadhihakiwa mbele ya bakuli lake.  Aliosha vyombo kwa nguvu, akalala na nguo zake, na akaapa kwamba kesho atamkamata mkono ukiwa kwenye valvu, atamwambia yote, yale ya wiki hii na yale ya miaka ishirini na sita, halafu atachukua gari na kuvuka mlima, taa iwake isiwake.

Kulipopambazuka Jumapili alikuwa ameshasimama jiko la nje, lile wanalopikia kiangazi, nyuma ya mafungu ya pilipili zilizoning'inizwa kukauka. Baridi ilimpanda kutoka miguuni. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, mzee akatoka, koti juu ya nguo za kulalia, kofia yake ya udereva kichwani. Hakwenda kwa kuku. Aliuzunguka upande wa kulia wa gari akiinama nyuma, akiinama mbele, kisha akajipenyeza katikati ya gari na ukuta, mgongo ukikwaruza chokaa. Na Sevda akasikia upepo unatoka. Ssss. Mrefu, hauna haraka.

 Aliona furaha, ndiyo, ile furaha mbaya ya kumkuta mtu na kosa lake mkononi. Akatoka mbio.

"Baba! Unafanya nini hapo?"

Mzee hakugeuka. Sevda akarudia, kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mzee hakugeuka. Ilibidi amshike bega, na mzee akaruka, nusura aangukie boneti.

"Wee mtoto, unataka kuniua? Mbona huiti?"

"Nimekuita."

"Hukuita. Ungeita ningesikia."

Mkononi alishika kile kipima upepo chake cha shaba, cha enzi za basi, na usoni hakuwa na haya hata chembe. Ndilo lililomkata Sevda maneno yote aliyokuwa ameyapanga. Mtu aliyefumaniwa hakai hivyo. Mzee alikuwa amefurahi kupata wa kuongea naye asubuhi.

Akaanza kueleza bila kuulizwa. Kila asubuhi wiki hii anatoka kulipima gari, tairi zote nne, na hili la ukutani mara mbili, mara tatu, kwa sababu ndilo lenye lawama. Hakutaka kumwambia Sevda asije akaona kwamba ana wasiwasi naye. Lakini anao. Barabara ile anaijua, kona ya tano chini ya msitu haioni jua mpaka Machi, na yeye hawezi kumwachia mkwe wake apite pale na tairi asilolipima kwa mkono wake.

"Unadhani mimi mpofu?" akasema. "Nakuona unavyoitazama barabara ukianika nguo. Marehemu Rosen, mumeo, alikuleta humu ukiwa msichana, na sisi wote wawili tukakuweka jikoni. Nenda kafanye kazi, mwanangu. Mimi ninachotafuta ni hii taa izimike tu, nikuachie moyo ukiwa mweupe."

 Sevda aliona aibu mpaka masikio yakamchoma, kwa yale aliyoyawaza juu ya bakuli la maharage. Na aibu ile ilikuwa na raha ndani yake, maana kama mzee mwenyewe anataka aende, basi kimebaki nini? Akamwomba apime tena, aone.

Mzee akainama. Nafasi ilikuwa finyu, magoti hayakukunjika, ikabidi aupeleke mkono huku anatazama kwingine. Mkono ulitetemeka. Sevda aliujua mtetemeko ule kwenye kijiko, hakuwahi kuufikiria mbali na kijiko. Kipima kikagusa valvu upande upande, kikateleza, kikagusa tena, na upepo ukaanza kutoka, ssss, unampiga mzee kwenye vidole, na mzee ameinamisha kichwa kwa makini kama daktari anayesikiliza kifua.

"Unasikia?" akasema. "Kimya. Hakuna hata punje inayotoka."

Ssss, ulisema upepo.

Alikiacha hapo kwa muda wa mtu kuhesabu taratibu mpaka kumi na tano, kwa sababu kazi nzuri haitaki papara. Kisha akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza mbali na uso, akakisogeza karibu, akasoma.

"Mbili nukta tatu. Mbili nukta tatu, kama nilivyokuwa nikiliacha basi. Tazama mwenyewe."

Sevda alitazama. Mshale ulisimama kwenye moja nukta saba.

Akautazama tena, akitamani macho yake ndiyo yawe mabovu. Hakuwa na wa kumlaumu sasa, na hilo lilikuwa baya kuliko jana, kwani jana alikuwa na mtu anayemfungia na angeweza kumfungulia mdomo. Aliliona jiko la kuni linalotaka kufungwa kidirisha chake kila usiku moto usitoke. Aliiona simu inayolia juu ya kabati siku nne kwa wiki. Aliona chupa mbili za dawa zinazofanana, moja ya asubuhi na moja ya jioni, maandishi madogo, na supu ya Bi Donka inayofika saa sita mchana ikimkuta aliyeanguka tangu saa kumi na moja alfajiri akiita, au asiyeweza hata kuita. Wiki nzima alikuwa akiuliza kwa nini taa haizimiki. Jibu lilikuwa mbele yake limevaa kofia.

"Basi hiyo taa ni uongo tu," mzee akasema, akikifuta kipima na kipande cha flana. "Magari ya siku hizi waoga. Mimi nimepima mwenyewe. Kesho vuka, nakuruhusu. Iwake itakavyo."

Ndiyo mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kuisikia sheria ile ikivunjwa, na ilivunjwa kwa ajili yake.

Akamwambia ahsante. Akasema anaingia ndani mara moja. Kwenye kijichumba cha mitungi ya kachumbari, pasiposikika, alimpigia Bi Gergana, akamwambia haji. Mwanamke yule hakuwa mbaya. Alimuuliza kama bado ni ile taa, kwamba kama ni taa anaweza kumsubiri mpaka Jumanne, si zaidi.

"Hapana," Sevda akasema. "Ile taa nimeshajua ni nini."

Alilia humo ndani, wima, kiganja mdomoni, ingawa mdomo wake hata angeufungua wote asingesikika na wa nje. Alipomaliza akanawa uso, akatoka, akamwendea mzee karibu kabisa na sikio na kumwambia kwa sauti kubwa kwamba hoteli wamepiga simu, nafasi wamempa mwingine.

Mzee alikasirika kweli. Aliwalaani watu wa hoteli mmoja mmoja, na mama zao, na theluji yao. Kisha akampiga Sevda mgongoni polepole, akatafuta la kumfariji, akalipata.

"Usijali. Gari zima lipo, na wengine watakuita. Na mimi nitakuwa nalipima kila siku, likae tayari."

"Sawa, baba," Sevda akasema.

Akangoja mpaka mzee aingie ndani na televisheni ianze kunguruma. Kisha akaitoa pampu ya mguu kwenye buti, akajipenyeza kati ya gari na ukuta, na akaanza kulijaza upepo lile tairi la mbele.